Usinipe Kifundo cha Mkono

Rhoda mwanangu,

Nakuandikia kwa ile penseli ya kuchorea soli, kwa hivyo maandishi yakiwa manene usinicheke. Wewe na mama yako mmeenda kanisani kuombewa safari, na mimi nimewaambia nina kiatu cha mteja cha kumaliza. Hakuna mteja. Nimeurudisha mlango wa kibanda nusu, nimekaa kwenye kigoda changu, na vumbi la Kasikeu linaingia kama kawaida yake bila kubisha.

Mambo ya maji ya chumvi na mafuta sikuambii. Unayajua kunishinda. Kopo la dawa ya kulainisha ngozi liko kwenye sanduku, ndani ya soksi, na mama yako ameweka mifuko ya plastiki ya kufunga miguu wakati wa kulala inayotosha chuo kizima. Hayo yamekwisha. Liko jambo lingine, na nimelizunguka tangu juzi kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia.

Juzi ulikuwa nyuma ya jikoni na Mwende, rafiki yako, mkianua nguo. Mimi nilikuwa napita kwenda chooni. Nikamsikia akikuuliza utawaambia nini wasichana wa chuo cha ualimu wakiona mikono yako. Ukamjibu mara moja, bila hata kufikiri:

"Nitasema niliungua na maji moto nikiwa mdogo. Watu wakisikia umeungua wanakuonea huruma, wananyamaza."

Mwende akasema hiyo ni sawa kabisa. Nami nikasimama pale kando ya tangi la maji, sikwenda chooni wala sikurudi nyumbani. Uliusema uongo huo vizuri sana, Rhoda. Uliusema kwa sauti yangu. Nikajua ni mimi niliyekufunza, na kwamba nisipofungua mdomo sasa utaubeba mpaka kwa watoto wako.

Basi nianze na Susu wako, nyanya yako aliyenizaa, kwa sababu ni yeye anayenijia kila nikitaka kuanza kwingine.

Wewe unamkumbuka kidogo tu. Siku moja, ukiwa darasa la nne au la tano, uliniambia kwamba Susu Ndinda hakukupenda. Ulisema alikuwa akikubeba bila kutumia viganja, kama mtu aliyebeba mzigo wa kuni, na hakuwahi kukushika shavu kama Susu wako wa Kabati, mama ya mama yako. Nilikuambia wazee wako hivyo, ukaenda zako kucheza. Lile jibu langu limekaa na mimi miaka yote hii.

Alikupenda. Mimi ndiye niliyemkataza kukushika.

Unajua mikono ya mama yangu ilikuwa kama yangu, na kama yako. Ngozi nene ya rangi ya manjano kwenye viganja na kwenye nyayo, imezungukwa na mstari mwekundu pale inapokutana na ngozi ya kawaida, na wakati wa kiangazi inapasuka magaga mpaka damu. Mikono yake ilikuwa na sauti. Akijifunga leso, viganja vilikwaruza kitambaa, na sisi watoto tukiwa ndani tulijua mama yuko mlangoni kabla hajasema neno. Hata leo, mtu akiburuta gunia kwenye ukuta huu wa mabati, nageuka kuangalia. Nimegeuka mara ngapi, hata aibu sina tena.

Watu wa kwao walikuwa na maelezo yao. Mama alipewa jina la nyanya yake, Ndinda, na huyo Ndinda wa kwanza alikuwa na mikono hiyo hiyo. Kwetu mtoto akipewa jina la mzee, mzee amerudi. Basi wakasema amerudi na mikono yake. Kwamba jina hilo na mikono hiyo ni kitu kimoja, ukichukua kimoja umechukua vyote. Nililisikia jambo hilo tangu utotoni, na nililiamini kama nilivyoamini kwamba jua linatoka upande wa Kitui.

Sasa ona akili ya baba yako. Mimi mwenyewe ninaitwa Kilonzo, na mikono ninayo. Kama ilikuwa inakuja na jina, mimi niliipata wapi? Hesabu ya mtoto wa chekechea. Lakini mtu akitaka kuamini kitu hakosi njia. Mimi nilijiambia kwamba yangu ilitokana na kukandwa. Mama alinikanda sana na mafuta ya ng'ombe nilipokuwa mtoto, kwa viganja vile vile, na nikaamini ngozi yake ilihamia kwangu. Kwa hivyo nilikuwa na adui wawili, jina na viganja, na wote wawili walikuwa mama yangu.

Ulipozaliwa wewe ulikuwa msichana wetu wa kwanza. Jina lako lilijulikana kabla hujazaliwa. Ungekuwa Ndinda, na mimi ningekuita mwaitu, yaani mama yangu, kama kila mwanamume anavyomwita binti aliyepewa jina la mama yake. Mama alikuja siku ya kukupa jina akiwa amevaa leso mpya. Alikuangalia mikono kwanza. Ilikuwa laini, safi kabisa, maana huwa haijionyeshi mapema. Akatabasamu, akasema, "Haya. Huyu ni nani?"

Alijua jibu. Ni swali la kuuliza tu ili ujibiwe mbele ya watu.

"Ni Rhoda," nikasema.

"Rhoda wa nani?"

"Ni jina la Biblia, mama."

Wanawake waliogeuka kunitazama pale chumbani nawaona mpaka leo. Mama hakupandisha sauti. Alisema, "Na hiyo Biblia ni ya mlango gani wa ukoo hapa kwetu? Nijue, niisalimie." Mtu mmoja akacheka kidogo akidhani ni mzaha. Na mimi, badala ya kunyamaza, niliongeza lingine. Niliona ananyoosha mikono akuchukue, nikamwambia, mbele ya wote, "Mama, usimshike na viganja."

Mama yako alilala kitandani akageukia ukutani. Aliniambia baadaye, "Mimi niliolewa na hiyo mikono, Kilonzo. Sikuona ikiniua."

Mama yangu aliigeuza mikono yake, viganja vikaangalia nje, akakuchukua kwa sehemu ya mikono iliyo kati ya viwiko na vifundo. Alikushika hivyo siku hiyo, na akakushika hivyo kila alipokuja, mpaka ulipokuwa mkubwa wa kukimbia. Ulipolia hakukupangusa machozi kwa mkono. Alikupangusa kwa pindo la leso, ameikunja ili kidole chake kisikufikie. Nilikuwa naona. Nilijiambia nafanya kazi ya baba.

Ulikuwa bado hujaanza kutembea vizuri viganja vyako vilipoanza kugeuka rangi. Mama yako alikuwa akikuogesha, akaniita. Alinionyesha tu. Nilikaa chini hapo hapo kwenye maji.

Mama alipata habari akiwa shambani, akaja mbio na udongo miguuni. Alisimama mlangoni, hakuingia. Alisema, "Si mimi. Kilonzo, sikumgusa. Muulize mke wako. Sikumgusa hata siku moja."

Rhoda, nimesikia maneno mengi maishani, ya matusi na ya misiba. Hayo ndiyo ninayosikia nikiwa naramba uzi kuutia kwenye sindano. Ningeweza kumwambia, "Najua, mama, ingia." Nilimwambia, "Basi imetoka wapi?"

Akaenda nyumbani.

Kutoka hapo nilifanya yale fundi wa viatu angefanya. Nilikushonea viatu. Vya kufunika mguu wote, ngozi nzuri, ndani nimeweka kitambaa, mpaka watu wakasema binti ya Kilonzo anavaa kama mtoto wa diwani. Uliingia navyo kila mahali, kwenye joto, kwenye mavumbi, kanisani, mtoni. Mguu kama wetu unataka hewa, na mimi niliufungia humo kwa sababu sikutaka mtu auone. Ukaoza katikati ya vidole. Ukaanza kunuka darasani, nawe ukarudi siku moja umeshika viatu mkononi, unatembea kwa kisigino.

Na ni mimi niliyekufunza kile kifundo. Unajua jinsi mtu aliyetoka kukanda unga au kuosha vyombo anavyosalimia, anakupa kifundo cha mkono ushike, asikuchafue. Kwetu ni heshima. Nikakufunza hivyo kwa sababu ya ile mistari ya Jumapili, tunapotoka kanisani na kila mtu anashikana mkono na kila mtu pale nje. Mimi nimejificha hivyo tangu ujana, kila mara eti nina gundi mkononi. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka minne, una gundi gani? Mke wa mchungaji alikuuliza siku moja, "Rhoda, kwani kila Jumapili unatoka kuosha vyombo?" Ukamjibu, "Ndio, vya baba." Watu wote walicheka na wakakupenda. Nami nikacheka. Nilifurahi umejua kujibu.

Ulipokuwa na miaka kama mitano, miguu ilikuwa imeharibika mpaka tukakupeleka hospitali kubwa, kwa daktari wa ngozi. Kijana, mpole, alikupapasa mikono na miguu bila kukunja uso. Halafu akaniuliza swali moja tu ambalo lilikuwa na maana. "Mzee, kwenu kuna mwingine mwenye ngozi kama hii?"

Nilikuwa nimevaa koti siku hiyo, na jua lilikuwa kali. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mfukoni. Nikasema, "Hakuna."

Alinitazama tena. "Hata mmoja? Mzazi, nyanya?"

"Hakuna, daktari."

Mama yako alikuwa nje amepanga foleni ya dirisha la dawa, kwa hivyo hakunisikia. Daktari aliona ule uozo wa vidoleni, na ulikuwepo kweli, viatu vyangu viliuleta. Akakupa tembe za kuua ukungu wa ngozi na akasema turudi. Ulizimeza ukatapika. Mama yako alikuwa anazisagia kwenye uji, na wewe ukachukia uji mpaka leo. Vidole vilipona kidogo. Mikono haikubadilika hata chembe, kwa sababu haikuwa na ukungu, na mtu aliyejua hivyo alikuwa ameketi mbele ya daktari amevaa koti.

Kabla hatujarudi, mama yangu akaugua. Kifua. Nilikwenda kumwona mchana, nyumbani kwake, jua likiingia kwa mlango. Alikuwa mdogo kitandani kuliko nilivyomjua. Mtu akifikia hapo unataka kumshika. Nikanyoosha mkono wangu.

Akatoa wake chini ya blanketi, akakunja ngumi, akanipa kifundo.

Nilimwambia, "Mama, ni mimi. Mikono yetu ni moja."

Akasema, "Unarudi nyumbani kumshika mtoto. Ngozi hii isimwongezee."

Nilishika kifundo hicho. Kilikuwa cha moto na kilikuwa laini, ngozi ya kawaida, kama ya mtu yeyote. Sikukumbuka mara ya mwisho niliyoshika kiganja chake. Nikamwachia, nikatoka, nikidhani nitarudi kesho yake. Tulimzika wiki hiyo.

Tuliporudi hospitali, mama yako aliingia pamoja nasi. Daktari alikuwa yule yule. Alikuangalia, akakunja uso, akasema hajaelewa, akauliza tena lile swali. Nikafungua mdomo. Mama yako akanikatiza.

"Daktari, mwambie atoe mikono mfukoni."

Nikaisukuma ndani zaidi.

"Kilonzo. Toa."

Nikaitoa, nikaiweka juu ya meza. Daktari hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alichukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akaushika kiganja kwa kiganja kama watu wanavyosalimiana, akausikiliza kwa vidole vyake. Hakuna mwanamume aliyekuwa amenishika hivyo tangu nioe. Akasema, "Mzee, hii haishikwi kwa kugusana. Hata mkilala mmeshikana mikono mwaka mzima. Mtu anazaliwa nayo. Wewe uliipata kwa nani?"

"Kwa mama."

"Yuko?"

"Hayuko."

"Naye hakukuambukiza kwa mikono. Ilikuwa kwa damu, kabla hujazaliwa. Kila mtoto anaweza kuipata au kuikosa, na hakuna anayechagua." Ndiyo sababu baba yako mdogo Mutuku ana viganja kama vya karani, na tulinyonya titi moja.

Halafu akatufundisha mambo yote yale unayoyafanya mpaka leo. Kulowesha kwanza, kama ninavyolowesha ngozi ya kiatu kabla sijaikata. Kukwangua iliyolowa tu, na kuacha mapema. Dawa, mafuta, plastiki, soksi. Viatu vya wazi. Akasema hakuna kupona, kuna kutunza, na kutunza ni kila siku. Mama yako alikuwa anauliza maswali. Mimi nilikuwa nahesabu jambo moja. Kwamba ningeitoa mikono mfukoni mara ya kwanza, ningerudi nyumbani siku hiyo na neno la kumwambia mama. Alikuwa bado anatembea. Alikuwa bado anakuja na ndizi. Ningemwambia, "Mama, si wewe, mshike mtoto," naye angekushika.

Alikufa akidhani labda alikugusa mara moja na akasahau.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, na sitaki uende ukidhani baba yako alikuwa na huzuni tu. Zile jioni za beseni mbili, wewe na mimi tumeingiza miguu, mama yako anatuita vyura. Wewe na lile jiwe la kukwangulia, unakwangua kisigino changu na kulalamika, "Baba, wewe unamaliza jiwe." Nilikuwa nafurahi kuliko siku nyingine yoyote. Viganja vyako na vyangu vilishikana kwa mafuta kila siku, ndani ya nyumba.

Ndani ya nyumba. Hapo ndipo ninapotaka ufike. Daktari aliniambia haiambukizi, na mimi nikaijua kichwani, lakini sikuwahi kukuambia, "Rhoda, acha kile kifundo." Kila Jumapili nilikuona unakipeana na nikanyamaza. Nilidhani nakukinga na midomo ya watu. Sasa umekuwa mwanamke, kifundo kimekuwa salamu yako, na jana umempa hata Mwende, ambaye mmekua naye.

Ukienda na ule uongo wa maji moto, utafika siku utaulizwa na daktari, au na mwanamume anayekutaka kwa dhati, "Kwenu kuna mwingine?" Utasema hakuna, kwa sababu uongo wa kuungua hauna baba wala nyanya ndani yake. Utanifuta mimi. Hilo naweza kulistahimili. Utamfuta na yeye, na yeye ameshafutwa mara moja, nami ndiye niliyemfuta.

Siwezi kukulazimisha. Wasichana wa chuo watakuwa na macho na midomo, na mimi sitakuwepo. Pengine siku nyingine utachoka na utasema uliungua, na sitakulaumu kwa siku hiyo. Lakini mmoja umwambie ukweli. Mwambie, "Mikono hii ni ya baba yangu, na ya mama yake, Ndinda." Na ukipata mtoto, mpe jina lolote mtakalopatana na mume wako, na mkononi mwake usimtafute mtu. Mshike tu.

Lile jina nililokunyima bado ni lako. Nimechelewa, najua, na cheti chako kinasema Rhoda, na Rhoda ni jina zuri. Lakini lilikuwa lako kabla hujazaliwa.

Nasikia wimbo wa mwisho kule kanisani, sasa mtatoka na kusimama mstari. Barua hii naiweka juu ya soksi yenye dawa, uikute leo ukifunga sanduku, kabla ya safari.

Kesho kwenye steji ya magari watakuwepo watu wengi, mchungaji na mke wake, na wale wachuuzi wanaotazama kila kitu. Utawaaga unavyotaka. Ukinifikia mimi, usinipe kifundo. Mimi nitakuwa nimeacha koti nyumbani. Nipe mkono, mwaitu, kiganja kwa kiganja, na usiuachilie haraka.

Baba yako,
Kilonzo wa Ndinda